Neno Rahisi

Kijana mmoja wa Kimandolu, jijini Arusha, aliniomba nimtengenezee maneno ya ukurasa wa mbele wa tovuti yake. Kazi yake ni kupandisha wageni Mlima Meru. "Yawe mafupi, mzee wangu," alisema, "mtu asome mara moja aelewe." Mwenyewe alikwisha kuandika: "Panda Meru kwa njia rahisi, siku tatu."

Neno lile lilinitia shaka. Rahisi ni kisicho kigumu, na rahisi ni kisicho ghali. Mlima wenye zaidi ya mita 4,500 hauna sifa ile ya kwanza. Na siku ya nne, iupayo mwili nafasi ya kuzoea hewa ya juu, ndiyo aliyoiondoa ili bei ipendeze. Je, linaloeleweka upesi ndilo la kweli?

Sisi wapenzi wa ushairi twalienzi fumbo. Lakini msomaji wa shairi huketi na fumbo kwa hiari yake, na akikosea hadhuriki. Mnunuzi hulipa kwanza, kisha hulifumbua mlimani, kichwa kikimuuma. Na mpagazi hulibeba kosa hilo pamoja na mzigo.

Tukaandika: "Meru ni mlima mgumu. Siku tatu huwachosha wengi. Nne hukupa nafasi ya kuzoea. Bei ni hii, na ujira wa wapagazi umo."

"Na wakitukimbia?" akauliza.

Nikamjibu: "Watakaobaki watakuwa wameelewa."