Akiba Haiozi

Wahenga walisema akiba haiozi. Nilipokuwa mwalimu wa sayansi katika shule za msingi mkoani Tanga, niliitumia methali hiyo kila nilipofika kwenye somo la vyakula. Nilichora ubaoni ghala dogo lenye mlango, nikawaambia watoto: chakula kinachozidi mahitaji ya leo mwili hukigeuza mafuta, ukakiweka humu kwa ajili ya kesho. Watoto walinakili, kengele ikalia, nami nikaenda zangu. Sikujua kwamba siku moja ghala lile lingenihukumu mimi mwenyewe.

Ninaye ndugu yangu wa kike, mdogo wangu niliyemwachia ziwa. Tangu utotoni yeye alikuwa mnene na mimi mwembamba, ingawa tulikula sinia moja. Ukubwani niliugeuza wembamba wangu kuwa sifa. Niliamini kwamba mtu mwembamba ni mtu aliyejitawala, na mnene ni mtu aliyeshindwa na tumbo lake. Sikulitamka jambo hilo waziwazi. Nililitia katika mizaha, katika ushauri nisioombwa, na katika kumtazama kila alipopeleka mkono kwenye chakula.

Mwaka 2009 nilimwoza mwanangu wa kwanza. Wageni walipokwisha kuondoka, sisi wa nyumbani tukakaa uani kula. Mdogo wangu alikuwa ameshinda karibu na masufuria tangu asubuhi, nami nilipomwona amejipakulia pilau nikadhani anakula mara ya pili au ya tatu. Nikaivuta ile sahani mbele ya watu, nikasema, "Basi, dada, waachie na wengine." Watu wakacheka. Yeye hakusema neno. Alinawa mkono, akakaa mpaka wote wakamaliza, akasaidia kuosha masufuria, kisha akaenda zake. Tangu siku ile hakula tena nyumbani kwangu. Alikuja kwenye misiba na kwenye furaha, akapika, akapakua, akagawa. Lakini yeye mwenyewe kila mara alikuwa "ameshakula".

Miaka minane ikapita. Mwaka 2017, nikiwa nimekwisha kustaafu, nikaanza kuchoka bila sababu, kuwa na kiu isiyokwisha na kuamka usiku mara nne kwenda haja ndogo. Hospitalini nikapimwa kabla ya kula, sukari ikaonekana imepanda sana. Nikapigwa na picha ya tumbo, ini likaonekana limejaa mafuta. Nilimwambia daktari kuwa bila shaka vipimo vimechanganywa na vya mtu mwingine, kwani mimi sikupata kuwa mnene hata siku moja. Daktari, kijana wa umri wa wanafunzi wangu, akanijibu kwa adabu, "Mzee, mafuta hayakai mahali pa kuonekana tu."

Jibu hilo lilinirudisha kwenye vitabu. Nikajifunza upya somo ambalo nilikuwa nimelifundisha miaka thelathini.

Mafuta ya akiba hukaa ndani ya seli maalumu. Yameundwa kwa asidi za mafuta, tatu tatu, zilizoshikana na kipande kimoja cha gliseroli kama ndizi tatu kwenye kikonyo kimoja. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 hivi za nishati. Gramu moja ya wanga hutoa 4 tu. Ndiyo maana mwili ukachagua mafuta kwa akiba ya siku nyingi. Sukari inayowekwa kwenye ini na misuli ni kama nusu kilo tu kwa mtu mzima. Hiyo ndiyo hamadi kibindoni, ya kutumika leo. Lakini hata mtu mwembamba hutembea na kilo kadhaa za mafuta, zinazoweza kumshikilia kwa wiki nyingi akikosa chakula.

Mlango wa ghala una bawabu, nayo ni homoni ya insulini itokayo kwenye kongosho. Tukila, hasa wanga na sukari, insulini hupanda na mlango wa kutokea hufungwa: huu ni wakati wa kuweka, si wakati wa kutoa. Saa zikipita bila chakula, insulini hushuka na mlango ukafunguka. Vimeng'enya huzitenga zile asidi za mafuta, zikaingia kwenye damu zikiwa zimebebwa na protini, zikafika kwenye moyo, misuli na ini. Anayefunga Ramadhani, alasiri ikifika, anaishi kwa mafuta yake kwa sehemu inayozidi kukua kila saa, ingawa hahisi kitu ila njaa na ukavu wa koo.

Ndani ya seli kuna majiko madogo yaitwayo mitokondria. Asidi ndefu za mafuta haziwezi kuingia humo zenyewe. Huvushwa na kitu kiitwacho kanitini, kama kivuko cha Pangani kinavyovusha watu kwenda Bweni, ng'ambo anakokaa mdogo wangu. Seli ikiwa imejaa nishati ya sukari, kivuko hicho husimamishwa. Zikishavuka, asidi hizo hukatwa kaboni mbili mbili. Mjerumani Franz Knoop aliligundua hilo mwaka 1904: aliwalisha mbwa asidi za mafuta alizozitia alama ambayo mwili hauwezi kuichoma, kisha akachunguza mkojo wao aone kilichobaki. Asidi ya palmitiki, iliyo nyingi katika mawese, ina kaboni 16. Hukatwa mara 7, vikatoka vipande 8. Vipande hivyo huchomwa mpaka vikawa maji na hewa ya ukaa. Mtu akiunguza kilo 10 za mafuta, kilo 8 na zaidi hutoka kwa pumzi. Tunayapumua mafuta yetu, wala hatuna habari.

Mpaka hapo nilifurahia kama mwalimu. Kilichonisumbua ni kile kilichofuata.

Nilikuwa nikidhani ghala ndilo adui. Lakini wapo watu wachache wanaozaliwa bila ghala, miili yao haina mahali pa kuweka mafuta chini ya ngozi. Mtu angedhani hao ndio wenye afya kuliko wote. Kumbe sivyo. Mafuta yaliyokosa ghala huzagaa kwenye damu, huingia kwenye ini na misuli, na wengi wao hupata kisukari kikali. Akiba inayooza ni ile isiyokuwa na mahali pake. Kumbe ghala la mdogo wangu, nililolicheka mbele za watu, lilikuwa likifanya kazi ambayo langu dogo lilishindwa. Yeye ana shinikizo la damu na magoti yanayomsumbua, wala siwezi kusema unene hauna madhara. Wengi umewaletea maradhi ya moyo na hiyo hiyo sukari. Lakini sukari yake yeye ni ya kawaida. Mwenye ini lililojaa mafuta ni mimi niliyejitawala.

Nikasoma pia habari za leptini. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko Marekani waliitambua homoni hii, inayotoka kwenye mafuta yenyewe na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1997 madaktari wa Uingereza walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja, wanene kupita kiasi, ambao miili yao haikuitengeneza kabisa. Ubongo wao uliamini kwamba wanakufa njaa. Mmoja wao alipoanza kudungwa sindano za leptini, njaa ile ikatulia na uzito ukapungua. Hali hiyo ni adimu sana, wala sisemi mdogo wangu anayo. Ninachosema ni kwamba yeyote ambaye angemtazama mtoto yule akila kabla ya sindano angesema huu ni ulafi, na angekuwa amekosea.

Sasa swali linakuja, na si jepesi. Ikiwa njaa, shibe, kuweka na kuchoma vyote vina bawabu ambaye hatukumwajiri, je, hakuna mtu wa kulaumiwa kwa lolote? Nilipoumwa, jibu hilo lilinivutia. Lilinifaa sana. Nilizaliwa na ghala dogo, basi, yamekwisha.

Lakini nilipojihoji kwa haki niliona si kweli tupu. Ni mimi niliyekunywa chai ya vijiko vinne vya sukari, asubuhi, saa nne, saa kumi na usiku. Ni mimi niliyetafuna kitu kila mapumziko ya shule kwa sababu nilijua sinenepi. Ni mimi niliyepanda daladala kwa safari ya kutembea robo saa, na hali misuli inayofanya kazi ndiyo inayojifunza kuchoma mafuta vizuri, hata mitokondria zake zikaongezeka. Sikuupa mwili wangu nafasi ya kufungua mlango. Ghala dogo nililikuta; vijiko vinne nilivitia mwenyewe.

Basi nimefikia hapa. Kila mtu ana sehemu aliyopewa na sehemu anayoitenda, na mpaka kati ya sehemu hizo anaweza kuutafuta mwenye mwili huo peke yake. Mimi ninajua ni wapi nilishindwa na ni wapi sikujaribu. Kwa mwingine sijui. Uzito wa mtu naweza kuusoma kwenye mizani, lakini uzito wa njaa aliyoibeba na kuishinda hauonekani. Huenda aliyeacha nusu ya sahani amefanya kazi kubwa kuliko mimi ninayeiacha nzima kwa kuwa sina hamu. Kumwonea mtu huruma hakumnyang'anyi wajibu wake. Humwachia autimize yeye mwenyewe.

Na kuna jambo moja ambalo sayansi hii yote haikunisaidia. Ningeweza kueleza mwili wa mdogo wangu kwa insulini na leptini, na ini langu vivyo hivyo. Lakini siku ile ya harusi hakuna homoni iliyonivutisha sahani. Ulimi wangu ulikuwa huru.

Mwaka 2018 nilikwenda Pangani, nikapanda kivuko, nikavuka Bweni. Nilimkuta mdogo wangu uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Baada ya salamu nikaanza kumweleza habari za mafuta, ghala na bawabu, kama niliye mbele ya darasa. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, bila kuacha kukuna:

"Kaka, ile sahani ilikuwa ya kwanza. Tangu jana yake sikuwa nimetia kitu kinywani, nilikuwa jikoni kwa ajili ya harusi ya mwanao."

Nikanyamaza.

"Na chakula cha usiku," akaongeza, "mimi niliacha kula miaka mingi sana. Hukuwahi kuniuliza."

Nikamwomba radhi. Akaniambia alikwisha kunisamehe zamani, ila kila akikaa kwangu chakula kilikuwa hakipiti kooni. Siku hiyo alinipikia wali mchache na samaki wa nazi, akakumbuka kutonitilia sukari kwenye chai, akanitazama nikila. Nilijua kwa mara ya kwanza jinsi kutazamwa kulivyo kuzito, ingawa yeye alinitazama kwa wema.

Ndugu msomaji, nimeandika mengi juu ya akiba ya mwili, lakini neno nalo huwekwa akiba. Mimi lile neno la harusi nilikuwa nimelisahau kabla jua halijachwa. Yeye alilihifadhi miaka tisa, wala halikupata mahali pa kuungulia.

Idi iliyofuata alikuja kwetu na wajukuu zake. Wifi yake akapakua pilau, akamwekea sahani mbele yake. Mimi nikageukia watoto, nikaanza kuwauliza habari za shule. Sahani yake sikuitazama.