Je, Hadithi Yaweza Kusema Uongo?

Mtunzi wa hadithi ana ruhusa ya kubuni watu. Je, aweza pia kuficha machozi ya watu wa kweli? Tutazame vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865), vilivyotokana na utumwa wa watu karibu 4,000,000. Mwaka 1936 Margaret Mitchell, katika Gone with the Wind, aliwaonyesha mabwana kuwa wapole na watumwa kuwa wameridhika. Wengi wakasadiki. Mwaka 1987 Toni Morrison naye alibuni, katika Beloved. Lakini humo mama aliyetoroka anamwua bintiye asirudishwe utumwani. Basi, ndugu wasomaji, kubuni si kosa. Kosa ni kumziba kinywa aliyeumia. Tusomapo hadithi za vita tuulize: ni nani hakupewa nafasi ya kusema?