Kabla Sijapeleka Mahari

Mjukuu wangu, njoo ukae hapa kivulini. Haya nimeyasema mara nyingi na pumzi zangu si za jana, kwa hiyo leo nisikilize mpaka mwisho.

Unasema kupima selimundu kabla ya harusi ni kujisumbua, maana Wazungu wamepata mkasi wa kutibu jeni. Mkasi upo, sikatai. Uzi wa jeni ukikatika, seli huusuka upya kwa kuiga uzi ulio sawa nao, kama bibi yako anavyounga shupatu lililokatika huku akitazama lile la kando. Linaloigwa halipungui kitu. Wataalamu waliivizia tabia hiyo, wakaipenyezea seli uzi wao ili iuige. Mwaka 1985 Oliver Smithies na wenzake waliilenga hivyo jeni ileile inayoleta selimundu. Baadaye kazi hiyo ikafanywa katika seli shina za kiinitete cha panya, na mwaka 2007 Smithies, Mario Capecchi na Martin Evans wakapewa Tuzo ya Nobel.

Mkasi wenyewe ulikuja baadaye, lakini tiba yake iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Utauza minazi mingapi, baba?

Kosa linaloleta selimundu ni herufi moja tu katika jeni hiyo. Ukiirithi kwa mzazi mmoja huugui, tena inakukinga na malaria kali. Ndiyo maana imejaa huku kwetu pwani, Kilifi hadi Malindi. Ukiirithi kwa wazazi wote wawili, chembe za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa. Wawili walioibeba wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

Mimi nilimzika binti wa miaka mitatu. Tulimlaumu mama yake, tukazunguka kwa waganga. Kumbe nusu ya kosa ilitoka kwangu.

Sikukatazi kuoa. Mkijua mapema, mtoto atapimwa akiwa mchanga, apate penisilini, chanjo, dawa ya kuzuia malaria na haidroksiurea, akue. Msipojua, mtajulia kaburini kama mimi.

Jumatatu nendeni hospitali, wewe na mchumba wako. Mkirudi na majibu, yawayo yote, tutakaa tuzungumze. Mahari nitaipeleka baada ya hapo.