Goli Lililopita ni la Nani?

Timu za ridhaa za hoki ya barafuni kule Kanada na Marekani hazihangaiki kumpata mshambuliaji kama zinavyohangaika kumpata kipa. Vifaa vyake ni ghali, na si wengi wanaopenda kusimama mbele ya kisahani cha mpira mgumu kinachokuja kwa kasi. Ndiyo maana kipa mara nyingi husamehewa ada, au huazimwa kutoka timu nyingine, na akishapatikana hucheza mechi zote za wikendi kwa kuwa hana wa kumpokea. Lakini akifungwa, wenzake waliomwomba aje ndio wa kwanza kugeuza shingo kumtazama. Mtazamo huo una swali la zamani la falsafa ndani yake: mtu huwajibika kwa alichotenda, au kwa kilichotokea?

Tuanze na vipimo. Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Kombora la kilomita 100 kwa saa, tena hilo si kali, likipigwa kutoka mita 5 hufika kwa sekunde 0.18, ilhali mwili wa binadamu huhitaji kama sekunde 0.2 ili uanze tu kuitikia kilichoonwa na jicho. Kwa umbali huo, basi, hakuna kudaka kwa wepesi. Kinachookoa ni yale yaliyofanywa kabla ya kombora: kipa ametoka kidogo golini ili kumbania mpigaji pembe, amekunja magoti, gongo amelilaza juu ya barafu asipigwe tobo. Baada ya hapo kisahani kimgonge au kimpite, yeye hana tena la kuamua. Wanafalsafa wa kale walioitwa Wastoa walikuwa na mfano wa mpiga mishale ambaye kazi yake ni kulenga vizuri kadiri awezavyo, kwa kuwa kuipata shabaha si jambo lililo mikononi mwake peke yake. Kipa ni mtu yuleyule, ila yeye yuko upande wa shabaha.

Kuna atakayesema huu ni mlango wa visingizio. Kila mzembe atajitetea kwamba ajali haina kinga, na isitoshe mechi huamuliwa kwa magoli, haiamuliwi kwa pembe. Pingamizi hili lina uzito. Mwanafalsafa Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, aliiona nia njema kuwa na thamani hata ikikosa matunda, nami naona hilo halimtoshi kipa: aliyeganda kwenye mstari wa goli huku nia yake ni safi bado amekosea. Ila kosa lake lilikuwepo kabla hajafungwa, na lingekuwepo hata kama kombora lingegonga mwamba. Ubao wa magoli haulioni kosa hilo.

Tena sisi wenyewe hatuhukumu kwa ubao kama tunavyodai. Februari 2020, mjini Toronto, makipa wote wawili wa timu ya kulipwa ya Carolina Hurricanes waliumia, akaingizwa David Ayres, mwendesha mashine ya kulainisha barafu, mwenye umri wa miaka 42. Makombora mawili ya kwanza yote yalimpita. Akaokoa manane yaliyofuata, na timu ikashinda 6 kwa 3. Kuokoa manane kati ya kumi ni matokeo duni kwa kipa wa kulipwa, lakini Ayres alishangiliwa, na kwa haki, kwa sababu watu walimpima kwa kile ambacho mtu wa nafasi yake angeweza kudaiwa.

Linabaki pingamizi gumu zaidi, la kipa mwenyewe. Mwambie hana kosa. Ataitikia kwa kichwa, na bado goli litamkaa moyoni. Mwanafalsafa Bernard Williams aliandika mwaka 1976 kuhusu dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila uzembe wowote: tungemshangaa kama angejiona sawa na mtazamaji wa kando ya barabara. Goli si kifo, bila shaka. Hata hivyo, majuto ya aliyekuwa pale si ushahidi wa hatia. Ni dalili kwamba nafasi ile aliichukua kwa dhati. Kwa hiyo kipa ana haki ya kujuta, na wenzake hawana haki ya kuyageuza majuto hayo kuwa lawama, hasa wakikumbuka kwamba kisahani kilishawapita wao watano kabla ya kumfikia yeye.