Kuhesabu Gharama



Katika Luka 14:28-30 Bwana wetu anatupa habari za mtu aliyeanza kujenga mnara pasipo kujua kama fedha zake zitatosha. Tumezoea kuisoma habari hii juu ya gharama ya kuwa wafuasi, na hiyo ndiyo maana yake ya kwanza. Hata hivyo yafaa pia kwa jambo linalosemwa sana siku hizi, la kuacha petroli na dizeli ili tusizidi kuichafua hewa aliyotupa Mungu.

Hatubishani nalo. Aliyesimama nyuma ya daladala kuukuu pale Buhongwa, moshi ukimjaa kifuani, hahitaji kuhubiriwa. Twauliza tu: nani ameketi kuhesabu gharama, na nani atailipa?

Tukumbuke petroli yenye risasi. Kufikia mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha, na watoto wetu wakaepushwa na sumu ile. Mwenye gari alikwenda kituoni kama jana, maana badiliko lilifanyika huko mafuta yatokako. Safari hii sivyo. Chombo chenyewe ndicho kibadilike.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kutumika mwaka 2004, nayo ni nafuu kuliko petroli. Lakini bomba laishia pwani, nasi tuko zaidi ya kilometa 1,100 kutoka Dar es Salaam. Tena kufunga mtungi katika gari dogo kwazidi shilingi milioni moja. Umeme je? Huo tunao, na tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha mwaka 2024, sehemu kubwa yake ni ya nguvu za maji. Huko Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazoandikishwa kubeba abiria ni za umeme tu.

Basi tumfikirie kijana wetu wa bodaboda. Mara nyingi pikipiki si mali yake. Kila jioni humpelekea tajiri hesabu, mvua inyeshe isinyeshe, akitumaini kwamba mkataba ukiisha chombo kitakuwa chake. Kumwambia huyo anunue ya umeme, na betri ikichoka atajua mwenyewe, ni lile alilokemea Yakobo katika sura yake ya 2: kumuaga mwenye baridi kwa maneno mazuri.

Wavuvi wa dagaa wametuonyesha kwamba watu hawakatai kilicho kipya. Wengi wameziacha karabai za mafuta ya taa wakashika taa za betri na za sola, maana mafuta yalikuwa yakiwamalizia fedha. Injini ya mtumbwi ni habari nyingine. Aliyeishiwa betri Nyegezi atasukuma pikipiki. Aliye katikati ya ziwa akielekea Ukerewe, upepo ukivuma, atasukuma nini?

Twaiomba halmashauri ya kanisa, kabla ya kuhimiza lolote mimbarani, iwaite vijana wa kijiwe kilicho jirani. Waulizwe hesabu ya siku ni kiasi gani, petroli ya siku ni kiasi gani, mkataba umebakiza miezi mingapi, na kama vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vyaweza kuwakopesha. Daftari tutaleta sisi walimu wastaafu.