Riziki ya Mnyoo

Kila kiumbe na riziki yake, tunasema, na hakuna anayebisha mpaka umtaje mnyoo. Mimi hutibu punda hapa Lamu, hawa wanaobeba mawe, mchanga na saruji vichochoroni, kwa hiyo swali hili silikwepi. Riziki ya mnyoo ni utumbo wa punda. Nikimwua, nimemdhulumu nani?

Wapo wanaosimulia kwamba Nabii Ayubu, funza alipodondoka kutoka kidondani, alimwokota akamrudisha ale alichoandikiwa. Maulamaa wengi hawakikubali kisa hicho, nami nafurahi. Lakini hata kingekuwa kweli, Ayubu alitoa mwili wake mwenyewe. Punda si mwili wangu, na yeye hakuulizwa. Riziki ya mnyoo aliiahidi Mungu, sidaiwi mimi. Ninayedaiwa ni huyu aliyefungwa kamba, asiyeweza kwenda kujitafutia tiba.

Na tiba ipo. Ivermekitini, tunayowapa farasi na punda tangu miaka ya 1980, asili yake ni bakteria waliookotwa kwenye udongo wa Japani. Satoshi Ōmura na William Campbell walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Aliyeumba mnyoo ndiye aliyeumba na bakteria hao.

Hapo ningedhani hesabu imekwisha, kumbe sivyo. Ukiwapa dawa punda wote kila mara, wanaobaki hai ni minyoo wasioisikia, na hao ndio watakaozaa. Ndiyo maana kwanza nachukua kinyesi kibichi, nakikoroga kwenye maji ya chumvi nyingi, nachuja, kisha nasubiri mayai yaelee niyahesabu kwa hadubini. Kwa kawaida punda wachache tu ndio hubeba sehemu kubwa ya mayai ya kundi zima. Hao nawapima kifua kwa utepe nikadirie uzito, maana dozi pungufu huleta usugu, halafu nawatia dawa nyuma ya ulimi. Wengine wenye afya, mayai yao yakiwa machache, nawaacha, ili minyoo wanaoisikia dawa waendelee kuzaana na wale sugu, na usugu usitapakae upesi.

Mzee mmoja mwenye punda hakunielewa.

"Daktari, huyu ana minyoo, na humpi dawa?"

"Anao kidogo, mzee wangu. Mwache nao."

Akacheka. "Basi na wewe ni Ayubu!"

Utani mzuri, ila sifa hiyo si yangu. Ayubu wa kisa kile alimwachia funza bila kutarajia kitu. Mimi namwachia mnyoo ili kesho dawa imwue mjukuu wake. Ikitokea dawa ambayo minyoo hawawezi kuizoea kabisa, nitawapa punda wote wa mji huu, na usiku nitalala vizuri.