Kidonda Kimefunga, Bado Anauma
Shangazi alipona mkanda wa jeshi, ngozi safi, lakini leso ikimgusa ubavu anaruka. Watu wa nyumbani wanasema anajifanya. Kwani nani alitupa kazi ya kupima uchungu kwa macho?

Mwaka 1856 Rudolf Virchow alizipa tishu zilizo katikati ya neva jina la glia, yaani gundi kwa Kigiriki, akidhani zinashikilia tu. Kumbe neva ikiumia, seli za glia kwenye uti wa mgongo huamka na kumwaga kemikali zinazofanya neva za maumivu zishtuke hata kwa mguso mdogo. Kidonda kinaweza kufunga, zenyewe bado ziko macho. Eksirei haizioni.

Ndiyo, wapo wanaosingizia ili wakwepe kazi. Poa, wacha wanipige changa la macho. Hasara hiyo naweza kuibeba.